Choki ya kabureta: inavyofanya kazi na namna ya kuitunza kwenye joto la Dar

Fungua boneti ya Corolla DX, pikapu ya Datsun au Land Rover ya zamani hapa Dar es Salaam, na usishangae ukikuta waya wa choki (kifaa kinachobana hewa ya kabureta ili injini baridi ipate petroli zaidi) umekatwa na kibati chake kimefungwa kwa kipande cha waya ili kibaki wazi siku zote. Ukiuliza, utaambiwa Dar ni joto, choki ni ya watu wa Ulaya. Jibu hilo lina ukweli kidogo na hasara kubwa. Ni kweli kwamba sisi tunaihitaji kwa muda mfupi kuliko mtu wa Njombe kwenye baridi. Lakini gari lisilo na choki kabisa huwashwa kila asubuhi kwa stata ndefu, huku dereva akipampu pedeli ya mafuta mpaka plagi zinalowa. Betri inachoka, stata inachoka, na jirani ameshaamka.

Wapo pia wa upande wa pili: wanaoendesha kutwa nzima choki ikiwa imevutwa nusu, wakiamini wanalisaidia gari lisizime kwenye foleni ya Ubungo. Hao wanaficha ugonjwa mwingine ndani ya injini, na kila siku wanaulipia kituo cha mafuta. Nitalirudia hilo kwa kirefu huko chini, kwa sababu ndilo linalowagharimu watu wengi zaidi.

Kazi nyingi zilizomo humu unaweza kuzifanya mwenyewe uani ukiwa na bisibisi bapa, spana namba 8 na namba 10, pulaizi, kopo la dawa ya kusafishia kabureta, mswaki wa zamani na kitambaa safi. Fanya mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara. Moshi wa eksozi una sumu isiyo na harufu, kwa hiyo usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa.

Kwa nini injini baridi inataka petroli zaidi

Petroli ikiwa bado majimaji haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko ulio sawa kwa injini yenye joto ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli inayotoka kwenye kabureta, kifaa kinachoichanganya na hewa, inanata kama matone kwenye kuta za silinda na za manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda. Kidogo tu ndicho kinachogeuka mvuke. Ili hicho kidogo kitoshe kushika cheche, lazima petroli imwagwe nyingi kuliko kawaida, na ziada ikubalike kupotea kwa muda huo mfupi.

Kuna sababu ya pili ambayo mafundi wengi hawaisemi. Stata huzungusha injini polepole sana ukilinganisha na mwendo wake ikiwa imewaka na kutulia kwenye silensa, yaani mzunguko wa polepole bila kukanyaga mafuta. Hewa inayopita kwenye koo la kabureta wakati huo ni dhaifu, na hewa dhaifu haina nguvu ya kuivuta petroli kutoka kwenye jeti, yaani kitundu chembamba kinachopitisha petroli. Kwa hiyo wakati injini inataka mafuta mengi zaidi ndio hasa wakati kabureta inatoa machache zaidi.

Sasa turudi kwenye hoja ya joto la Dar. Injini iliyolala usiku kucha Mbagala au Tegeta inaamka ikiwa na joto la nyuzi 20 hadi 26 hivi, kutegemea mwezi. Kwa ngozi ya binadamu hiyo ni hali nzuri kabisa. Kwa injini iliyoundwa kufanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 90, hiyo ni baridi, na bado ina safari ya nyuzi 60 kufika inapotakiwa. Ndiyo maana hata Dar, hata Februari, gari la kabureta lililo zima linapenda kupewa choki kidogo asubuhi.

Ubora wa petroli nao unaingia hapa. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huwa nzito kuvukiza, na gari linaloitumia husumbua kuwaka likiwa baridi hata choki iwe nzima. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (kemikali ya alama) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya uchakachuaji wa namna hiyo. Kama gari lilikuwa linawaka vizuri na ghafla likaanza usumbufu baada ya kujaza kwenye dumu la kando ya barabara, shuku petroli kwanza kabla hujagusa skrubu yoyote.

Kilichomo ndani ya koo la kabureta

Toa eya klina, yaani kasha la chujio la hewa, kwa kawaida ni nati moja ya kipepeo na klipu kadhaa. Utaona mdomo wa kabureta, na ndani yake, juu kabisa, kibati chembamba kilichoshikwa na mhimili unaopita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hicho ndicho kibati cha choki. Chini zaidi, sehemu ambayo huioni vizuri bila tochi, kuna kibati cha pili kinachofuata pedeli ya mafuta. Kati ya hivyo viwili koo linabana, na hapo ndipo petroli inapotokea.

Injini inapovuta, mvuto wake unatoka chini kuja juu. Kibati cha choki kikiwa wazi, hewa inaingia kwa wingi kutoka juu na mvuto unaishia kwenye hewa. Kikifungwa, hewa inazuiwa, na mvuto wote unaelekea kwenye tundu la petroli katikati ya koo. Petroli inatoka kwa wingi hata kama injini inazunguka polepole. Hiyo ndiyo kazi yote ya choki: haina petroli yake ya pembeni, inachofanya ni kuibana hewa.

Ukiangalia kwa makini utaona mhimili haukupita katikati kabisa ya kibati. Upande mmoja ni mpana kuliko mwingine. Hilo si kosa la kiwanda. Injini ikishawaka na kuvuta hewa kwa nguvu, upande mpana unasukumwa na hewa na kibati kinajifungua kidogo chenyewe, ili injini isizame kwenye mafuta. Ndiyo maana fundi akikaza kibati kwa waya, au akakiunganisha na fimbo ngumu isiyo na springi, ameondoa kinga iliyowekwa makusudi.

Sehemu mbili zaidi uzitambue kabla hujaendelea. Ya kwanza ni kamu ndogo upande wa nje wa kabureta, ambayo choki ikivutwa inainua kidogo kile kibati cha chini, ili silensa iwe juu wakati injini ina baridi. Ya pili, kwenye kabureta nyingi za Kijapani na Kizungu, ni kikopo chenye diaframu (utando wa mpira) ndani na mpira mwembamba wa hewa unaotoka kwenye manifoldi. Injini ikishika tu, kikopo hicho kinavuta fimbo na kufungua kibati cha choki kwa milimita chache.

Gari lako lina choki ya aina gani

Kama kuna kishikio cha kuvuta kwenye dashibodi, ni choki ya mkono. Peugeot 504 nyingi, Datsun 1200, na Corolla nyingi za injini ya 4K zilizokuja huku ni za namna hii. Land Rover Series III ya petroli pia, na hiyo ina taa ya njano inayowaka pale injini inaposhika joto huku choki bado imevutwa. Kama taa hiyo haifanyi kazi kwenye Land Rover yako, itengeneze, ni msaada mkubwa kwa dereva msahaulifu.

Kama hakuna kishikio, na ubavuni mwa kabureta kuna kikopo cha duara chenye skrubu tatu pembeni, ni choki ya otomatiki. Volkswagen Beetle ni mfano unaojulikana. Ndani yake kuna springi ya metali mbili zilizogandishwa pamoja, inayojikunja na kujikunjua kwa joto la umeme. Aina nyingine hutumia maji ya rejeta kupasha springi au nta.

Mini na Morris zenye kabureta ya SU ni jamaa tofauti kabisa. Hazina kibati cha choki. Ukivuta kishikio, waya unashusha jeti yenyewe chini ya kabureta, na sindano nyembamba iliyomo ndani inaacha nafasi kubwa ya petroli kupita. Ugonjwa wake mkubwa ni jeti kushuka na kukataa kurudi juu. Ukiona moshi mweusi usioisha kwenye Mini, ingiza kidole chini ya kabureta, sukuma jeti juu, na usikilize kama sauti inabadilika.

Kuwasha asubuhi

1. Vuta breki ya mkono, weka gia huru, zima taa na feni ili betri ihudumie stata peke yake.

2. Vuta choki nusu. Juni hadi Agosti, au baada ya mvua ya usiku mzima, ivute yote. Kwa choki ya otomatiki, kanyaga pedeli ya mafuta hadi chini mara moja tu, kisha achia taratibu. Mkanyago huo ndio unaoiachia kamu ijipange na kibati kijifunge. Bila hiyo springi imeshikwa na haiwezi kufanya lolote. Watu wengi wanalaani choki ya otomatiki kuwa mbovu ilhali hawajawahi kuikanyagia.

3. Piga stata bila kugusa pedeli. Isizidi sekunde kumi. Isipowaka, ipumzishe nusu dakika.

4. Ikishawaka, usipige resi. Ngoja isimame vizuri, kisha rudisha choki kidogo. Sasa sikiliza, maana sikio ndilo linalokuongoza kuliko saa. Injini ikiwa na sauti nzito ya kubabaika na moshi mweusi, imezidiwa na petroli, rudisha tena. Ikikohoa na kutema hewa kuelekea kwenye kabureta, umerudisha mapema, vuta kidogo.

5. Ondoka taratibu. Kwa hali ya hewa yetu, gari zima halihitaji choki zaidi ya dakika moja au mbili. Kama umetoka Sinza, kabla hujafika Mwenge kishikio kiwe kimezama chote. Kisukume kwa kidole kuhakikisha, usitegemee macho.

Gari likiwaka kidogo likazima na ukasikia harufu kali ya petroli, injini imefurika. Hapo kuvuta choki tena ni kuongeza maji kwenye mafuriko. Sukuma choki ndani yote, kanyaga pedeli mpaka mwisho na uishikilie hapo bila kupampu, kisha piga stata. Kibati cha chini kikiwa wazi kabisa, hewa nyingi inaingia na kukausha silinda. Ikishika, achia pedeli polepole.

Na kama gari limekaa wiki nzima bila kuwashwa, jua kwamba petroli iliyokuwa kwenye kibakuli cha kabureta huenda imekauka kwa joto. Choki haiwezi kuvuta kisichokuwepo. Piga stata mara mbili tatu fupi ili pampu ijaze kibakuli kwanza. Pampu za Land Rover za zamani zina mkono mdogo wa kupampu kwa vidole. Utumie, betri itakushukuru.

Nakuomba jambo moja: acha kumimina petroli kwa kifuniko cha chupa kwenye mdomo wa kabureta wakati mwenzako anapiga stata. Injini ikirudisha moto, mwali unatokea pale pale mkono ulipo, na chupa iko pembeni. Choki ikiwa nzima huna haja ya kufanya hivyo kabisa.

Kukagua na kurekebisha choki ya mkono

Fanya ukaguzi asubuhi injini ikiwa baridi na imezimwa, eya klina ikiwa imetolewa. Mtu mmoja akae ndani avute kishikio, wewe uangalie kibati. Kishikio kikivutwa chote, kibati kifunge koo lote, kisiache mwanya wa kuonekana. Kikisukumwa chote, kibati kisimame wima kabisa, sambamba na hewa inavyoshuka. Kati ya hayo mawili, la pili ndilo muhimu zaidi. Choki isiyofunga vizuri itakusumbua dakika moja asubuhi. Choki isiyofunguka vizuri itakunywesha petroli siku nzima.

Kisha kisukume kibati kwa kidole. Kinapaswa kwenda na kurudi kilaini. Kikiwa kizito, kuna utandu wa mafuta na vumbi kwenye mhimili wake, jambo la kawaida kwa magari yanayopita barabara za vumbi za Goba au Chanika. Puliza dawa ya kabureta kwenye ncha zote mbili za mhimili, sugua kwa mswaki, chezesha, rudia. Usipake oili wala grisi hapo. Itashika vumbi na baada ya muda utakuwa na tope gumu kuliko lile ulilolitoa.

Kama kibati ni chepesi lakini kishikio ni kigumu, ugonjwa uko kwenye waya. Kwa walio karibu na bahari, Kigamboni, Kunduchi, Mbezi Beach, chumvi ya hewa inaingia ndani ya ganda la waya na kutengeneza kutu. Fungua waya upande wa kabureta, uning'inize juu, tone oili nyepesi kidogo kidogo iteremke ndani ya ganda huku ukiuvuta na kuusukuma. Ukiwa umekunjika au umechanika, nunua mwingine.

Hapa kuna kosa linalofanyika sana. Ukikosa waya wa choki, utashauriwa kuweka waya wa breki ya baiskeli, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Waya wa breki umesokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba: unavuta vizuri, lakini ukiusukuma unajikunja. Waya wa choki ni mmoja mnene na mgumu kwa sababu kazi yake ni kuvuta na kusukuma pia. Ukiweka wa baiskeli, kishikio kitazama kwenye dashibodi nawe utaamini choki imerudi, kumbe kibati kimebaki pale pale kimefunga nusu. Tafuta waya wa aina sahihi kwenye maduka ya spea za zamani, Gerezani pale Kariakoo au Ilala, hata kama ni wa gari jingine lenye urefu unaokaribiana.

Kuurekebisha ni kazi ya dakika chache:

Legeza skrubu ndogo inayoshika waya kwenye mkono wa choki pale kwenye kabureta. Sukuma kishikio cha dashibodi mpaka mwisho, kisha kivute nje kiasi cha milimita 2. Simamisha kibati wima kabisa kwa kidole, kaza skrubu. Zile milimita 2 ni ulegevu wa lazima. Injini inacheza kwenye mipira yake kila unapoachia klachi, na waya uliokazwa bila ulegevu utakuwa unavuta choki kila injini inapotikisika. Baada ya kukaza, vuta kishikio chote uone kama kibati kinafunga. Kisipofunga, klampu inayoshika ganda la waya imehama mahali pake. Isogeze kidogo na urudie.

Kikopo cha diaframu kinapimwa kwa mdomo. Chomoa mpira wake upande wa manifoldi, uufute, uvute hewa. Fimbo iingie na ibaki imeingia mpaka utakapoachia. Ikirudi yenyewe wakati bado unavuta, diaframu imetoboka. Dalili yake barabarani ni gari linalowaka mara moja, kisha linajaa moshi mweusi na kuzima sekunde chache baadaye.

Silensa ya baridi ina skrubu yake inayogusa ile kamu. Usiichanganye na skrubu ya silensa ya kawaida. Choki ikivutwa, injini izunguke kwa kasi iliyochangamka kuliko silensa ya kawaida, isipige kelele kama iko barabarani.

Choki ya otomatiki

Kabla ya kuwasha injini baridi, eya klina ikiwa nje, kanyaga pedeli mara moja uangalie kibati. Kitafunga, au kitakaribia kufunga. Mchana wa nyuzi 31 kisipofunga kabisa usijali, springi imeshahisi joto. Washa injini, kaa uangalie. Kibati kianze kufunguka taratibu, na ndani ya dakika chache kisimame wima. Kikibaki kimefunga wakati injini imeshachemka, pima kama umeme unafika kwa balbu ndogo ya majaribio. Beetle hupata umeme swichi ikiwashwa. Baadhi ya magari ya Kijapani hupeleka umeme pale tu injini inapozunguka na kuchaji, kwa hiyo pima injini ikiwa imewaka.

Umeme ukifika na springi haiendi, imekatika au imechoka. Ukibaini ni suala la marekebisho tu, legeza zile skrubu tatu kidogo, zungusha kifuniko kiasi cha alama moja kwa wakati huku ukiangalia kibati kinakwenda upande gani. Weka alama kwa rangi ya kucha mahali kilipokuwa kabla hujagusa.

Kwa zile zinazopashwa na maji ya rejeta, kuna jambo letu la Dar linaloziumiza: kutoa thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Fundi anaitoa akidai joto la hapa haliihitaji. Bila thamostati maji yanazunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, injini inachelewa mno kushika joto, na choki inaendelea kufunga ikiamini bado ni alfajiri. Mwenye gari analalamika mafuta yanaisha haraka, anabadilishiwa plagi, anabadilishiwa kabureta nzima, na hakuna anayeuliza thamostati iko wapi. Kama gari linachemsha, tatizo mara nyingi ni rejeta, pampu ya maji au gasketi. Rudisha thamostati.

Injini ya moto isiyotaka kuachana na choki

Hili ndilo nililoahidi. Umeendesha nusu saa, injini ina joto lake lote, lakini ukirudisha choki gari linazima, linamisi au halina silensa. Ukivuta kidogo linatulia. Madereva wengi wanazoea hali hiyo kwa miaka.

Choki inaongeza petroli kwa kubana hewa. Gari lenye joto linalohitaji hivyo linasema wazi kwamba mchanganyiko wake wa kawaida una petroli chache au hewa nyingi mno. Petroli chache maana yake jeti ya silensa imeziba, chujio limejaa, au boya linalodhibiti kiwango cha petroli kwenye kibakuli limekaa chini mno. Hewa nyingi maana yake kuna mahali hewa inaingilia bila kupitia kwenye kabureta.

Anza na hewa, maana ni rahisi kuipata. Injini ikiwa kwenye silensa, chukua chupa ya kupulizia maji, ile ya kupigia pasi nguo, unyunyize ukungu kidogo kuzunguka kitako cha kabureta, kwenye maungio ya manifoldi, na kwenye kila mpira mwembamba, ukikwepa distributa na nyaya za plagi. Ukinyunyiza mahali silensa ikabadilika, umepata tundu. Wapo wanaotumia dawa ya kabureta kwa kipimo hiki. Inafanya kazi lakini inashika moto, na manifoldi ya eksozi iko hapo hapo. Usisahau mpira mnene unaokwenda kwenye buusta ya breki. Mipira ya miaka 30 hupasuka upande wa chini usioonekana. Gasketi ya kitako cha kabureta nayo huliwa, hasa kama nati zimelegea.

Usipopata tundu, nenda kwenye uchafu. Tangi la gari la zamani lina kutu, na petroli ya madumu ina mchanga. Badilisha chujio, kisha fungua jeti ya silensa, ipulize kwa hewa ya kompresa na dawa. Usiitoboe kwa waya wala pini. Tundu la jeti limepimwa kwa sehemu ndogo ya milimita, na waya ukilipanua utakuwa umetoka kwenye petroli chache ukaingia kwenye petroli nyingi, bila njia ya kurudi isipokuwa kununua jeti mpya.

Kuendelea kuendesha choki ikiwa nje kuna gharama ambayo haionekani kwenye kituo cha mafuta. Petroli ya ziada isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, inapita kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Chomoa dipstiki unuse. Ukisikia petroli, au ukiona oili imepanda juu ya alama bila wewe kuongeza, badilisha oili mara tu utakapomaliza matengenezo, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi mno kulinda beringi. Fungua na plagi: masizi meusi makavu kwenye ncha ni alama ya mchanganyiko uliozidi petroli. Plagi ya injini iliyo sawa ina rangi ya kahawia hafifu.

Saa nane mchana, gari la moto halitaki kuwaka

Umezima gari Kariakoo, umeingia dukani robo saa, umerudi halishiki. Hapa choki haihusiki, na ukiivuta unaharibu zaidi. Injini ikizimwa, feni na maji vinasimama lakini joto lake linapanda kuja kwenye kabureta. Petroli kwenye kibakuli inachemka na kumwagikia kwenye manifoldi. Injini imefurika bila mtu kugusa kitu. Fanya kama nilivyoeleza juu: choki ndani, pedeli chini kabisa, stata. Tatizo likiwa la kila siku, angalia kama kile kipande kinene cha kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi bado kipo. Mara nyingi kimetolewa na kuwekwa gasketi nyembamba ya karatasi.

Ukipeleka gari bara

Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai kule na Njombe zina baridi ya kweli. Choki iliyokuwa inatosha kwa nusu itabidi ivutwe yote, na irudishwe kwa hatua, pengine dakika tano au zaidi. Wakati huo huo hewa ya mlimani ni nyepesi, kwa hiyo injini ikishapata joto kabureta iliyorekebishwa Dar itaelekea kuzidisha petroli, na choki iliyosahaulika nje hata kidogo itaonekana haraka kwa moshi mweusi na gari kukosa nguvu kwenye mlima. Kabla ya safari hakikisha kibati kinafunga koo lote, kwa sababu kasoro ambayo Dar huitambui ndiyo itakayokuacha Makambako alfajiri unasukuma gari. Beba waya wa choki wa akiba na bisibisi yake. Waya ukikatika njiani, toa eya klina, funga kibati kwa kusukuma mkono wa choki ulio nje ya kabureta, vidole na uso vikiwa mbali na mdomo wake, mwenzako akipiga stata, uachie mara tu injini inaposhika, kisha rudisha eya klina kabla ya kuondoka.